Kostiumu na Maziwa Yasiyoogeleka

Simama juu ya Menengai siku ya jua, utazame kusini. Ziwa Nakuru linametameta pale chini, na kwa umbali huo ungeapa ufuo wake umejaa watu wanaojirusha majini. Hakuna mtu. Maji yale ni ya magadi na yanachoma macho, ufuo ni tope linalonasa miguu, na hifadhi nzima imezungushiwa ua ambao ndani yake wamo nyati na vifaru. Nenda Naivasha: maji ni baridi, ya kunyweka, lakini wenye ziwa ni viboko. Panda Baringo, maji si ya chumvi vilevile, na juu ya viboko kuna mamba. Bogoria ndiyo usiseme. Pale ardhi inarusha maji yanayotokota na wageni huchemshia mayai. Elementaita ni magadi tena. Bonde moja, maziwa matano, na hakuna hata moja ambalo mama mwenye akili timamu atampeleka bintiye kujifunza kuogelea.

Hali hiyo ndiyo iliyoamua historia ya vazi la kuogelea la mwanamke sehemu hizi. Ulaya na Marekani vazi hili lilikulia ufuoni, mahali pa wazi ambapo kila mpita njia ana macho na maoni. Hapa kwetu ni vazi la bwawa. Bwawa lina mwenyewe, lina lango, na langoni kuna mtu anayeamua nani aingie na aingie amevaa nini. Ukiifuatilia hadithi ya kostiumu Nakuru, Gilgil au Naivasha, lazima ufike kwenye lango hilo.

Si kwamba wanawake wa Bonde la Ufa hawakuyajua maji kabla ya bwawa. Walioishi kando ya Malewa, Njoro na Molo walioga mtoni, wanawake na pahali pao, wanaume na pao, na mpita njia alikohoa kwanza kabla ya kukaribia. Vazi la kuogelea halikuhitajika kwa sababu mtazamaji hakuwepo. Utaratibu wa aina hiyo haujaisha. Wasafiri wengi wa barabara kuu ya Nairobi na Nakuru wanaijua Kikopey kwa nyama choma tu, lakini ukiteremka kuelekea Elementaita utakuta chemchemi za maji moto ambamo wenyeji hujitosa kutuliza viungo. Wanawake huingia na leso iliyofungwa kifuani, na petikoti, na kaptura kuukuu. Leso ikishalowa hushika mwili kuliko kostiumu yoyote ya dukani, na bado hakuna anayeona aibu. Mwanamke huyohuyo akitokea pale na kostiumu ya heshima kabisa, yenye mikono mirefu na sketi, wenzake watageuza shingo.

Mzungu alipokuja na mabwawa yake, alikuja kwanza na kondoo. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro, akaagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand na kupandisha majike ya Kimaasai kwa madume ya kigeni. Kondoo wakaanza kukonda na kufa huku majani yamewafika tumboni. Ugonjwa huo ulipewa jina la mji wa Nakuru, Nakuruitis, na baadaye ikajulikana kwamba udongo wa pale umepungukiwa na madini ya kobalti. Delamere akahamishia mifugo Soysambu, kando ya Elementaita, na huko wakastawi. Sufu ikapakiwa kwenye reli, ikashuka Mombasa, ikaabiri meli kwenda Uingereza.

Sufu inatuhusu kwa sababu wakati mizigo hiyo ikishuka Mombasa, wanawake wa Ulaya walikuwa wakiogelea ndani ya sufu. Kabla ya hapo waliogelea na magauni, soksi ndefu na hata viatu, kama walikuwa wakiogelea kweli. Wengi waliingia maji ya kiuno wakashika kamba. Mwaustralia Annette Kellerman alivaa kipande kimoja kinachobana mwili, na mwenyewe alisimulia kwamba alikamatwa kwa ajili hiyo ufuoni karibu na Boston mwaka 1907. Miaka mitano baadaye, Stockholm, wanawake waliruhusiwa kuogelea Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Mwaustralia mwingine, Fanny Durack, akashinda mita 100. Hapo hoja ya gauni ikafa. Mtu hawezi kushindana na saa huku amefungwa sketi.

Kampuni iliyokuja kuitwa Jantzen, ya Portland, Marekani, ilianza kwa kufuma sweta na soksi. Mpiga makasia mmoja aliomba afumiwe kaptura kwa ule mfumo wa mistari unaotumika kwenye kingo za mikono ya sweta, ambao huvutika na kurudi. Kutoka kwenye ombi hilo likaja vazi la kuogelea la sufu lililotawala miaka ya 1920. Kavu lilikuwa zuri. Likilowa lilinywa maji, likawa na uzito wa kilo kadhaa, likaning'inia hadi magotini, na mwogeleaji akatoka majini ameshika shingo ya nguo kwa mkono mmoja na makalio kwa mwingine. Mwaka 1931 ulikuja uzi wa mpira uliovikwa pamba au hariri, ukiitwa Lastex, na wanawake wakapumua. Mwaka 1958 Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont akagundua uzi ambao dunia inaujua kama Lycra au spandeksi. Karibu kila kostiumu inayouzwa Nakuru leo ina uzi huo, na ubovu wake tutauona sokoni.

Walowezi waliovaa mavazi hayo bondeni waliyavaa ndani ya ua. Klabu zao za Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha zilikuwa za Wazungu tu. Shule za bweni za watoto wao zilikuwa hivyohivyo, Pembroke House ya Gilgil iliyofunguliwa 1927 na St Andrew's ya Turi iliyofuata 1931. Kuanzia 1937 ndege za majini za Imperial Airways, katika njia ya Southampton hadi Durban, zilikuwa zikitua juu ya maji ya Naivasha, kwa hiyo mtindo wa London ungeweza kufika ziwani kwa siku chache badala ya majuma ya meli. Mwafrika aliyeikaribia kostiumu aliikaribia kwa kazi: yaya aliyekaa kwenye nyasi akiwachunga watoto na gauni lake limefungwa hadi shingoni, dobi aliyeifua na kuianika. Nafikiri dobi ndiye fundi wa kwanza wa mavazi ya kuogelea Bonde la Ufa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba sufu ikitiwa maji moto inasinyaa na mpira ukianikwa juani unakufa, na huenda alilipishwa kwa ugunduzi huo.

Tarehe 5 Julai 1946, kwenye bwawa la Molitor jijini Paris, Louis Réard alionyesha vipande viwili vidogo vya kitambaa kilichochapwa maandishi ya magazeti. Réard alikuwa mhandisi wa magari aliyekuwa akiendesha biashara ya mama yake ya nguo za ndani. Wanamitindo wa kawaida walikataa, ikabidi amchukue Micheline Bernardini, mchezaji densi wa Casino de Paris. Jina alilokopa ni la kisiwa cha Bikini katika Pasifiki, ambako siku nne kabla Marekani ilikuwa imelipua bomu la atomiki. Wenyeji 167 wa kisiwa hicho walikuwa wamehamishwa mwezi Machi kupisha majaribio. Vitabu vya mitindo hulipita jambo hilo kwa sentensi moja, kama mzaha wa biashara. Msomaji wa Naivasha asilipite haraka. Wamaasai wa eneo lake waliondolewa kwa mkataba wa 1904 wakapelekwa Laikipia, kisha wakaondolewa tena huko kwa mkataba wa 1911, kupisha walowezi walewale wa mabwawa.

Bikini yenyewe haikupokewa kwa shangwe hata kwao. Mwaka 1951 mshindi wa kwanza wa Miss World, Kiki Håkansson wa Uswidi, alivishwa taji akiwa na bikini, kukawa na kelele, na waliofuata wakavalishwa vingine. Ilisubiri sinema. Baada ya Ursula Andress kutoka baharini katika filamu ya Dr. No mwaka 1962, mjadala Ulaya ulikuwa umekwisha nusu. Miss World wenyewe walikuja kuifuta raundi ya mavazi ya ufukweni mwishoni mwa 2014, wakati hakuna aliyekuwa akiikosa.

Afrika Mashariki ilikuwa na vita yake nyingine, ya nguo fupi. Kuanzia Januari 1969 vijana wa TANU Tanzania walipiga vita sketi fupi na suruali za kubana katika Operesheni Vijana. Mwaka 1972 Idi Amin akazipiga marufuku Uganda. Kenya haikutunga sheria ya aina hiyo. Ikaacha kazi hiyo kwa wahubiri, wazee na makanga. Klabu za zamani zilifungua milango kwa Waafrika wenye uwezo, hoteli zikachimba mabwawa, lakini kostiumu ilibaki nguo ya mtu aliyesoma mbali au aliyeolewa na mwenye gari. Viwanda vyetu havikuwa na haja nayo. Rivatex, iliyoanzishwa Eldoret mwaka 1976, ilitengeneza vitambaa vya pamba, na Nakuru ilijulikana kwa mablanketi, jambo la busara kwa mji ulio mita 1,850 hivi juu ya bahari. Asubuhi ya Julai pale haimshawishi mtu kuvua sweta.

Hata fundi wa mtaani hakuweza kusaidia. Cherehani ya miguu hushona mshono ulionyooka, na mshono ulionyooka kwenye kitambaa kinachovutika hukatika mara ya kwanza mwenye nguo anapochuchumaa. Kostiumu inataka mshono wa zigizaga, ovaloki, na lastiki inayoshonwa huku imevutwa kwa kipimo. Mwanamke wa Nakuru aliyetaka vazi hilo alilinunua duka la Nairobi kwa bei ya kutisha, au aliazima.

Kilichomfungulia lango ni beli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ikamiminika, na ndani ya marobota hayo kulikuwa na nguo ambazo hakuna aliyekuwa ameziagiza. Katika vitabu, historia ya vazi la kuogelea ni mstari: sufu, mpira, bikini, kipande kimoja kilichokatwa juu hadi kwenye nyonga cha miaka ya 1980, kisha ile ya fulana na chupi iliyoitwa tankini ya mwisho wa miaka ya 1990. Nakuru mstari huo haukufika. Kilichofika ni rundo. Kostiumu ya bibi wa Canada na bikini ya mjukuu wake zilimwagwa juu ya turubai moja siku moja, bei moja, na mteja akachagua bila kujua ipi ni ya jana na ipi ni ya kale. Sioni hasara katika hilo. Mteja wa Paris alivaa alichoambiwa ni cha mwaka huu. Mteja wa Nakuru alivaa kilichomkaa.

Mwuzaji wa kostiumu katika soko la mitumba hufungua beli asubuhi mapema. Kamera, yaani zile safi za mkupuo wa kwanza, huenda kwa wenye vibanda na wauzaji wa mtandaoni. Za katikati hutundikwa. Fagia hubaki chini, za mia, za hamsini, na hapo ndipo wasichana wa chuo huinama. Jioni moja mama mmoja aliyekuwa akiniuzia aliniona navuta mikanda ya mabega, akanicheka.

"Hapo hutajua kitu, madam. Vuta hapa kwa makalio. Sasa weka sikio. Ukisikia inalia kama karatasi, hiyo imekufa."

Nikavuta, ikalia. Chembe nyeupe ndogo zikabaki kwenye vidole. Huo ndio uzi wa Lycra ulioliwa na klorini na joto: kwa nje kitambaa kinang'aa, rangi ipo, lebo ipo, lakini ndani lastiki imevunjikavunjika. Nguo kama hiyo huingia bwawani ikiwa saizi ya kumi na mbili ikatoka ikiwa ya ishirini. Kisha mama akanyanyua nyingine akaielekeza juani. Mwanga ukapenya sehemu ya kukalia, mahali ambapo mwenyewe wa kwanza alisugua ukingo wa bwawa lake la Ulaya miaka nenda rudi. "Hii nitakuuzia ukae nayo nyumbani," akasema, akaitupa kwenye fagia. Aliyoisifu sana ilikuwa nyeusi, yenye kisketi kifupi kilichoshonwa kiunoni. Zenye sketi hazikai sokoni, alisema. Za kamba huziuza Desemba, watu wanapokwenda Mombasa mahali ambapo hakuna jirani.

Mitumba ina siasa zake. Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ilisimamisha uingizaji wake kwa sababu ya korona, ikaurejesha Agosti. Kwa kostiumu kukosekana hakukuuma sana, maana mabwawa nayo yalikuwa yamefungwa.

Lango la bwawa lilibaki, sheria zake tu ndizo zilizobadilika. Kwenye mabwawa ya hoteli na bustani za burudani kutoka Naivasha hadi Nakuru, bango la kawaida sasa halitaji rangi ya mtu; linataja kitambaa. Hakuna kuogelea na fulana za pamba, jinzi, wala nguo za ndani. Sababu si maadili. Pamba huacha nyuzi zinazoziba chujio, huleta sabuni na jasho, na hunywa maji hadi kumlemea asiyejua kuogelea. Asiye na kostiumu huikodisha palepale dirishani, ikiwa imetoka kuanuliwa na bado ina ubaridi wa aliyetangulia. Wengine hulipa kiingilio, wakaona hiyo ya kukodi, wakaamua kukaa kwenye kiti na chipsi zao.

Ua huo huo una kazi nyingine ambayo haijaandikwa kwenye bango. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha matatu Nairobi kwa madai kwamba amevaa vibaya. Wanawake waliandamana kwa wito wa My Dress My Choice, na kabla mwaka haujaisha Kanuni ya Adhabu iliongezwa kifungu cha 251A, kinachomtia jela si chini ya miaka kumi anayemvua mtu nguo kwa nguvu. Yule mwanamke alikuwa amevaa nguo nyingi kuliko mtu yeyote aliye bwawani Jumapili mchana. Ndani ya ua, paja ni paja. Hatua hamsini nje ya lango, kwenye stendi, paja hilohilo ni kesi. Ndiyo maana wanawake wengi hufika bwawani kostiumu ikiwa tayari chini ya dera, na hawalivui dera hadi wafike ukingoni kabisa.

Bwawa la ajabu kuliko yote bondeni ni la Olkaria, ndani ya eneo la Hell's Gate. Kampuni ya KenGen inazalisha umeme pale kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, na maji ya chumvi na madini yanayotoka visimani yakaelekezwa kwenye bwawa kubwa la rangi ya samawati ambalo watu hulipa kuingia. Kwa wapenda mitindo ni mahali pa kukaa na kutazama: wasichana wa Nairobi na bikini za kuagizwa, mama wa ushirika wa kanisa na kaptura za baiskeli chini ya kostiumu ya sketi, na dada wa Kiislamu aliyefunikwa kuanzia kichwani hadi kwenye vifundo. Wote maji yanawafika kidevuni na mvuke umewafunika. Nasaha moja kwa wageni: acheni vito vya fedha nyumbani, salfa itavitia weusi, na msivae kostiumu mpya. Joto lile huila lastiki haraka.

Vazi la yule dada lina historia fupi na yenye ghasia. Aheda Zanetti, Mwaustralia mzaliwa wa Lebanon, alilibuni Sydney mwaka 2004 akaliita burkini. Agosti 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ililipiga marufuku, hadi mahakama ya juu ya utawala ikaisimamisha amri ya mji wa Villeneuve-Loubet. Miaka 109 baada ya kisa cha Kellerman, mwanamke alikuwa akifukuzwa ufuoni kwa kujifunika mno. Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea kwa mavazi kama hayo, wasichana waliozaliwa hatua chache kutoka baharini ambao nguo ndiyo iliyokuwa imewazuia. Na mwaka 2019 Halima Aden, Msomali aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1997, alitokea katika toleo la mavazi ya kuogelea la jarida la Sports Illustrated akiwa na burkini na hijabu. Picha zilipigwa Watamu. Bonde la Ufa lilimzaa, pwani yetu ikampiga picha, ingawa njia kati ya hizo mbili ilipitia Minnesota.

Upande wa mashindano mwili ulifunikwa kwa sababu nyingine: kasi. Mwaka 2008 Speedo ilileta vazi la LZR Racer, mwaka 2009 rekodi za dunia 43 zikavunjwa katika mashindano ya Roma kwa mavazi ya plastiki, na kuanzia Januari 2010 mavazi hayo yakapigwa marufuku. Wanawake sasa wanaishia magotini. Mwaka huo huo wa 2010 Achieng Ajulu-Bushell, aliyewahi kuiogelea Kenya, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuiogelea Uingereza.

Kisha ikaja zamu ya kichwa. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la dunia la kuogelea liliikataa kofia ya Soul Cap, iliyotengenezwa kubwa ili ichukue nywele nene, rasta na misuko. Liliikubali Septemba 2022. Mjadala huo ulisomwa kama habari za ubaguzi wa huko mbali, lakini mwanamke yeyote wa Nakuru angeweza kuueleza vizuri kuliko magazeti. Kostiumu ameshaipata, ya kamera, haijalia. Kofia ya mpira anayopewa dirishani inatosha nywele za mtu mwingine. Kichwani ana misuko aliyoikalia saluni tangu asubuhi hadi saa kumi, na Jumatatu ana kazi. Kwa hiyo anaingia upande wa maji ya kifuani, anasukuma maji kwa mikono, shingo juu, kidevu juu, na mtoto akimrushia tone moja tu utosini utasikia jina lake likiitwa hadi lango kuu.